Hapa, Pale na Mle: Uhakiki wa Picha za Majengo ya Chuo Kikuu katika Albamu za Familia za Kitale na Bungoma

1. Utangulizi

Katika uhakiki wa Kiswahili tumezoea kuchambua shairi, riwaya na tamthilia, na kwa muda mrefu sasa tumezihesabu pia ngano, methali na nyimbo. Picha ya kamera hatujaigusa sana. Ama picha ya nyumbani, ile inayobandikwa katika albamu na kuonyeshwa wageni baada ya chai, hatujaihesabu kabisa kuwa ni kazi inayostahili kuhakikiwa. Makala haya yanakusudia kuichukua aina moja tu ya picha hizo, nayo ni picha za majengo ya chuo kikuu zilizohifadhiwa na familia ambazo mmoja au wawili katika watu wao walisoma huko. Eneo tunaloliangalia ni Kitale na Bungoma, magharibi ya Kenya, pamoja na mtaa wa Kipsongo ulio pembeni mwa mji wa Kitale.

Dai letu ni kwamba picha hizi ni nusu ya matini. Nusu ya pili ni maneno yanayosemwa mbele yake na maneno yanayoandikwa nyuma yake. Mwenye maneno akifariki kabla hayajachukuliwa, kinachobaki ni picha ya nyumba tu. Kwa hiyo kazi ya kuzihifadhi si ya mkutubi na mwanahistoria peke yao. Ni kazi ya mwanaisimu na mhakiki wa fasihi simulizi vilevile, na huenda ni yao kwanza.

Yafaa kusema mapema kwamba hatuzungumzii albamu ya familia fulani. Tunazungumzia utanzu, yaani kaida ambazo mtu anayezijua nyumba za eneo hili atazitambua. Mifano ya maneno tutakayoitoa ni ya kueleza sarufi, kama ilivyo desturi ya makala ya lugha.

2. Njia ya kwenda chuoni

Picha haieleweki bila kujua umbali uliokuwapo kati ya nyumba iliyoihifadhi na jengo linaloonekana ndani yake. Kabla ya mwaka 1956 Kenya haikuwa na chuo cha kiwango hicho. Royal Technical College ya Nairobi, iliyopewa hati mwaka 1951, ilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1956. Ikawa Royal College mwaka 1961, kisha University College mwaka 1964, na hatimaye Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1970. Mpaka hapo kijana wa Kenya aliyefaulu alielekea Makerere, chuo kilichoanzishwa Kampala mwaka 1922 kikiwa shule ya ufundi na kikapandishwa kuwa chuo cha kiwango cha chuo kikuu, chini ya uangalizi wa Chuo Kikuu cha London, mwaka 1949. Kuanzia mwaka 1963 mpaka 1970 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam zilikuwa matawi ya Chuo Kikuu kimoja cha Afrika ya Mashariki, hata mwanafunzi akaweza kufuata somo lake katika nchi jirani bila kuhesabiwa mgeni.

Kwa mtu wa Bungoma, kwenda Makerere hakukuwa kwenda ng'ambo. Mji wa Bungoma uko karibu zaidi na Kampala kuliko Nairobi, na reli iliyofika Kampala mwaka 1931 inapita mjini humo kabla ya kuvuka mpaka Malaba na kuelekea Tororo na Jinja. Reli ya Kitale nayo, ambayo ni tawi la njia hiyo hiyo, ilikuwa imekwisha kufika mwaka 1926. Hivyo, katika albamu za wazee wa eneo hili, chuo kilichokuwa karibu kwa njia kilikuwa ng'ambo ya mpaka, na chuo cha nchi yao kilikuwa mbali zaidi. Jambo hili linaeleza kwa nini mnara wa Makerere umo katika nyumba nyingi ambazo hazina picha yoyote ya Nairobi ya zamani.

Umbali wa pili ulikuwa wa lugha. Darasani ilitumika lugha ya Kiingereza. Nyumbani ilisemwa Lubukusu, Kisabaoti au lugha nyingine ya jamii. Kiswahili kilikuwa katikati: lugha ya kituo cha reli, ya soko, na ya bweni pale Mkenya alipokutana na Mtanganyika. Wasomaji wa jarida la lugha watakumbuka pia kwamba Kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki, iliyoanza kazi yake mwaka 1930, iliwekwa chini ya Makerere mwaka 1952. Lugha yetu nayo ilikuwa mkaaji wa kilima kile, ingawa haikupigwa picha.

3. Fani: nani anasimama wapi

Tuanze na fani. Picha rasmi ya jengo la chuo, kama ile ya kitabu cha mwongozo, kadi ya posta au noti ya benki, ina kaida zake. Mpiga picha husimama mbali. Jengo huonekana lote, kuanzia msingi mpaka kilele. Watu, kama wapo, hawana majina. Wamewekwa ili jengo lionekane kubwa. Noti ya Tanzania ya shilingi 500 iliyotolewa mwaka 2010 ilibeba Ukumbi wa Nkrumah wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mamilioni ya watu ambao hawajafika Mlimani waliushika ukumbi huo mkononi kila siku wakinunua mkate. Hiyo ndiyo kazi ya picha rasmi. Humwambia asiyekuwepo kwamba kitu hiki kiko.

Picha ya familia hufuata kaida nyingine kabisa. Ndani yake mtu ndiye wa kwanza na jengo ni la pili. Lakini kamera za kawaida za miaka ya 1950 na 1960 zilimlazimisha mwanafunzi kuchagua. Akitaka mnara wote uonekane, ilimbidi arudi nyuma mpaka yeye mwenyewe awe mdogo kama punje. Akitaka uso wake utambulike nyumbani, ilimbidi akubali jengo likatwe kichwa. Wengi walichagua uso. Ndiyo sababu picha za aina hii zimejaa vipande vya majengo: ngazi tatu, nguzo moja, nusu ya mlango, kona ya ukuta, ua lililopandwa kando ya njia. Mtu asiyejua atasema mpiga picha hakuwa fundi. Mhakiki hana budi kuona kwamba hapa pana uamuzi: jengo limekatwa ili mtu akae.

Tuitazame tofauti hii kwa kutumia sarufi yetu wenyewe. Ngeli ya mahali katika Kiswahili, kama ilivyoelezwa katika vitabu vya sarufi tangu kile cha Ashton cha mwaka 1944, ina viambishi vitatu: PA kwa mahali mahsusi, KU kwa mahali pa jumla au pasipo mipaka, na MU kwa ndani. Kwa mpango huo, picha rasmi ni picha ya KU. Chuo kiko Kampala, kiko kule. Picha ya familia ni picha ya PA. Mtu yupo pale, juu ya ngazi ile, mguu wake wa kulia ukiwa mbele kidogo. Lugha nyingine nyingi zina neno moja tu kwa haya yote, na wahakiki wanaoandika kwa lugha hizo wamelazimika kutafuta istilahi ndefu za kueleza jambo ambalo mtoto wa Kiswahili hulisema kwa silabi moja.

Je, MU iko wapi? Swali hili ndilo linalofungua utanzu wenyewe, kwani picha za ndani ni chache mno. Sababu zake ni za kawaida. Ndani kuna giza, na taa ya kamera ilikuwa kitu cha studio au cha mtu mwenye pesa. Filamu ilikuwa na nafasi chache. Zile za kamera za mraba zilitoa picha 12 tu, na kuzisafisha kulikuwa na gharama. Kamera yenyewe mara nyingi ilikuwa ya kuazima. Hakuna aliyetaka kupoteza nafasi moja kati ya 12 kwa kitanda na meza ya bweni. Matokeo yake ni kwamba maisha yenyewe ya chuoni, yaani kusoma usiku, kupika kwa siri, kubishana siasa, kuugua na kukata tamaa, yote yalitokea mahali ambapo kamera haikuingia. Yalibaki nyuma ya madirisha.

4. Maneno mbele ya picha na nyuma yake

Hapa ndipo maneno yanapochukua zamu. Mzee anayeonyesha albamu haishii kusema jengo ni lipi. Kidole chake hupanda ukutani, kikatafuta dirisha moja kati ya mengi yanayofanana, naye akasema, tuseme: mle ndimo nilimolala miaka mitatu. Kwa kitendo hicho nusu iliyokosekana inaongezwa. Kamera imetoa PA, na mdomo umetoa MU. Anayetazama picha bila kusikia maneno hayo ameona ukuta. Anayesikia ameingia chumbani.

Msomaji anayekijua Kiswahili cha Kenya ya bara atapinga kwamba huko watu hawatofautishi yupo, yuko na yumo. Kwamba niko imezimeza nipo na nimo. Pingamizi hili ni la kweli, na linaupa mjadala wetu uzito zaidi. Katika mazungumzo ya Kitale mtu husema hapa niko Makerere, akiunganisha hapa na niko bila wasiwasi. Lakini tofauti ya maana haijafutika. Imehama kutoka kitenzi na kwenda kwa vionyeshi (hapa, pale, kule, humu, mle) na kwa mwili wa msemaji. Kidole hufanya kazi ambayo kiambishi kimeacha kuifanya. Kwa hiyo mtafiti anayerekodi sauti tu mbele ya albamu anapoteza sehemu ya sarufi. Lazima aandike pia kidole kilielekea wapi.

Jambo la pili katika maneno haya ni wakati. Mtu anayejionyesha katika picha ya miaka 50 iliyopita husema huyu ni mimi. Ni nadra kumsikia akisema huyu alikuwa mimi. Husema hapa niko Makerere akiwa ameketi kwenye kiti chake Kitale, huku mvua ya Mlima Elgon ikipiga bati. Hapa moja imebeba mahali pawili. Mfaransa Roland Barthes, katika kitabu chake cha mwaka 1980 kuhusu picha, aliishikilia sana hoja kwamba picha husema jambo lilikuwapo na limekwisha kupita. Akaizunguka picha ya mama yake akiwa msichana wa miaka mitano, picha ambayo aliieleza kwa kirefu lakini hakuichapisha. Kwa Barthes mtazamaji ni mmoja, naye yuko katika msiba wake faraghani. Albamu ya Kitale husomwa na vinywa vingi kwa pamoja, mmoja akisahihisha, mwingine akicheka, na mtoto akiuliza. Na wakati unaotumika ni uliopo. Hatusemi kwamba Barthes amekosea. Tunasema kwamba alieleza kaida ya kutazama ya mahali pake, nasi tuna yetu ya kueleza.

Nyuma ya picha kuna matini nyingine, nayo ni fupi zaidi. Picha nyingi zilitumwa nyumbani ndani ya barua, na nafasi ya kuandika ilikuwa ndogo. Kaida yake ni sentensi isiyo na kitenzi: Mimi na wenzangu wawili, mbele ya Jengo Kuu. Au: Baba na Mama, siku ya mahafali. Sentensi isiyo na kitenzi haina wakati, kwa hiyo haizeeki. Lakini ina mwandishi, na neno mimi halina maana bila mwandiko kutambulika. Akiondoka wa mwisho anayeujua mwandiko ule, mimi inabaki bila mtu. Hapo tunaona udhaifu wa utanzu huu. Umejengwa juu ya maneno ambayo maana yake yanaipata kwa msemaji: mimi, huyu, hapa, wenzangu. Ni matini iliyoandikwa kwa ajili ya watu waliokwisha kujua.

Tunaweza kuufuata mwendo wa maneno haya kizazi hata kizazi. Kwa mwenyewe ni: huyu ni mimi, hapa. Kwa mwanawe ni: huyu ni baba, pale Makerere. Kwa mjukuu ni: huyu ni babu, kule Uganda. Kwa kitukuu ni: huyu ni nani, na nyumba hii ni ya nani? Hapa imekuwa pale, pale imekuwa kule, na mwisho kuna swali tu. Kwa hatua nne picha ya PA imerudi kuwa picha ya KU, sawa na kadi ya posta, isipokuwa kadi ya posta ina jina la jengo limechapwa chini yake. Fasihi ya eneo hili inalijua swali hilo. Katika riwaya ya Siku Njema ya mwaka 1996, Ken Walibora, mzaliwa wa Bungoma aliyefariki mwaka 2020, alimtoa kijana Tanga na kumpeleka mpaka Kitale kumtafuta baba ambaye hakupata kumjua. Kitale, katika riwaya hiyo, ni mahali ambapo mtu huenda kuuliza nani ni nani.

5. Maudhui: majivuno, tabaka na watu wasioonekana

Kuna hoja dhidi ya kazi hii yote, nayo tusiikwepe. Mtu aweza kusema kwamba picha hizi ni majivuno ya tabaka dogo. Kwamba jengo lililojengwa na serikali ya kikoloni limegeuzwa kuwa hirizi ya ukutani. Na kwamba msomi amesimama mbele yake kama mtumwa mbele ya nyumba ya bwana. Okot p'Bitek, mwaka 1966, alimpa Lawino kinywa cha kuwashtaki wasomi waliopotelea katika vitabu, na mashtaka hayo hayajafutwa na mahakama yoyote.

Sehemu ya hoja hii ni kweli. Tazama nani hayumo. Makerere iliwapokea wanawake wa kwanza mwaka 1945, tena wachache sana. Kwa hiyo katika picha za mwanzo mwanamke huonekana kama mgeni wa mahafali, mama aliyesafiri usiku kucha kwa garimoshi. Waliopanga matofali ya majengo yale hawamo. Wapishi na wafagiaji wa mabweni hawamo, au wamo kwa bahati mbaya ukingoni mwa picha, nusu ya bega. Tena albamu yenyewe ilihitaji nyumba ya kuikalisha. Ardhi ya Trans Nzoia ilitengewa walowezi wa Kizungu mpaka ukaribio wa uhuru. Baadaye familia nyingi, zikiwemo za kutoka Bungoma, zilipata mashamba huko kwa ununuzi na kwa mipango ya makazi. Mwenye cheti na mshahara wa mwezi alikuwa na njia ya kupata mkopo ambayo jirani yake hakuwa nayo. Picha ya ngazi za Makerere na hati ya shamba mara nyingi zilikaa katika kabati moja.

Ndiyo maana haifai kuzungumzia albamu za Kitale bila kuutaja Kipsongo. Huu ni mtaa wa watu maskini pembeni mwa mji uleule, na wakaaji wake wengi ni wa asili ya Turkana, wa familia zilizoondoka kaskazini kwa sababu ya ukame na kupotelewa na mifugo. Picha za mitaa ya aina hii zipo kwa wingi, lakini nyingi zimepigwa na wageni waliopita. Tuzichambue kwa fani ileile. Uso uko karibu, umejaza fremu. Mtu anatambulika kwa sura lakini hana jina. Maelezo yanataja njaa, uchafu au idadi, wala hayamtaji mama wa mtoto. Hii ni picha ya ajabu kisarufi: imepigwa kwa PA, karibu kabisa, na ikaelezwa kwa KU, kana kwamba aliyemo ni mahali tu. Tena aliyepigwa haipati. Huondoka na mpigaji.

Tukilinganisha picha hizi mbili, za mji mmoja, tunaona kwamba alichokuwa nacho msomi wa Makerere kilizidi jengo lile. Alikuwa na haki ya kuandika nyuma ya picha yake mwenyewe. Alichagua mahali pa kusimama, alichagua nani awe kando yake, akasema kwa mwandiko wake huyu ni nani. Hilo ndilo jibu letu kwa hoja ya majivuno. Kasoro ya albamu hizi haimo katika kumtaja mtu kwa jina mbele ya jengo kubwa. Imo katika kwamba waliopata kutajwa hivyo walikuwa wachache. Mama aliyevaa leso yake nzuri na kusimama mbele ya nguzo za chuo siku ya mahafali halipigii jengo magoti. Kwa sekunde moja amelifanya jengo la serikali kuwa ukuta wa nyuma wa familia yake. Anayeona utumwa tu katika picha hiyo hajamtazama uso.

6. Picha kama ushahidi

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Septemba 2020 Jengo Kuu la Makerere, lililokuwa likitumika tangu mwaka 1941, liliungua. Paa liliteketea pamoja na sehemu kubwa ya ndani, na baadhi ya kumbukumbu zilizokuwa humo zilipotea. Serikali ya Uganda iligharamia ujenzi upya, na mwaka 2024 jengo lilifunguliwa tena. Kwa mbali, sura yake ni ileile: mnara, saa, madirisha ya mbele.

Tukio hilo linatufundisha thamani ya vile vipande tulivyovitaja katika sehemu ya tatu. Picha rasmi zimehifadhi uso wa jengo. Mafundi hawakukosa mfano wa mnara. Lakini kona, vishikio vya ngazi, benchi lililokuwa kando ya mlango na kamba ya kuanikia nguo nyuma ya bweni vimo katika picha za watu waliotaka tu kumwonyesha mama kwamba wamenenepa. Tena maneno ya mdomoni yamehifadhi kile ambacho picha zote mbili hazina, yaani ndani ilivyokuwa kwa aliyekaa humo. Hakuna mchoro wa msanifu wa majengo unaoweza kusema mle ndimo nilimolala.

Historia ya vyuo vyetu imejaa mahali pa namna hii ambapo ukuta haujieleza wenyewe. Chuo cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kabla ya kuhamia Mlimani mwaka 1964. Anayeangalia picha za Mlimani peke yake hataujua mwanzo huo. Sanamu ya Mahatma Gandhi katika uwanja wa Chuo Kikuu cha Nairobi hukumbusha kwamba chuo kile kiliunganishwa na akademia iliyochangiwa na Wahindi wa Afrika ya Mashariki kwa kumbukumbu yake. Na baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982 chuo hicho hicho kilifungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Albamu ya mwanafunzi wa wakati huo ina pengo: picha za mwaka wa pili, halafu picha za shambani, halafu chuo tena. Pengo hilo pia ni matini. Kurasa mbili za mahindi kati ya kurasa za joho husema jambo ambalo taarifa ya chuo haikulisema kwa namna hiyo. Lakini mwenyewe asipokuwepo kulieleza, mtazamaji ataona mahindi tu.

7. Hali ya sasa na mapendekezo

Leo hii chuo kikuu kimekuja karibu na nyumba hizi. Chuo Kikuu cha Moi, karibu na Eldoret, kilianzishwa mwaka 1984. Masinde Muliro, Kakamega, kilifanywa chuo kikuu kamili mwaka 2007. Kibabii, pale Bungoma kwenyewe, kilipata hati mwaka 2015. Kijana aweza kusoma chuoni na kulala kwao. Kamera nayo imo mfukoni mwa karibu kila mtu, na nafasi zake hazihesabiki. Mle mlimokosekana sasa mnapigwa picha kila saa: kitanda, meza, sufuria, kitabu kilichofunguliwa. Hata mwanafunzi aliyetoka mtaa kama Kipsongo aweza kujipiga mwenyewe langoni mwa chuo na kuandika jina lake.

Hilo ni jema, wala hatuna sababu ya kulilia filamu ya picha 12. Lakini picha ya simu haina upande wa nyuma. Ina tarehe na saa, pengine hata mahali ilipopigwa, lakini haina mimi wala wenzangu isipokuwa mtu ameandika kwa makusudi. Simu ikiibiwa au kuharibika, picha 3,000 huondoka kwa siku moja. Na hata zikibaki, wingi wake huondoa lile tendo la kukaa pamoja na kusimulia moja baada ya nyingine. Vizazi vinne vya sarufi tulivyovieleza vyaweza kupunguka vikawa viwili.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne kwa idara za Kiswahili na lugha za Kiafrika, hasa zile zilizo katika vyuo vya magharibi ya Kenya. Kwanza, usimulizi wa picha uhesabiwe kuwa utanzu wa fasihi simulizi wenye fani yake, na wanafunzi waruhusiwe kuutafiti kama wanavyotafiti ngano. Pili, kila picha inakiliwe pande zote mbili, mbele na nyuma, kwani nyuma ndiko kwenye mwandiko. Tatu, maneno yaandikwe kama yalivyosemwa. Mzee akisema hapa niko, isisahihishwe ikawa hapa nipo. Akichanganya Lubukusu au Kisabaoti, kibaki. Anayesanifisha maneno hayo amefuta nusu ya ushahidi kwa kalamu yake. Nne, picha ibaki kwa mwenyewe. Mkusanyo wa Kanali Stoneham ulioanza mwaka 1926, ambao ndio chimbuko la Jumba la Makumbusho la Kitale, ulionyesha kwamba mji huu unaweza kuhifadhi vitu kwa muda mrefu. Lakini vitu vya mkusanyaji hupewa maelezo na mkusanyaji. Albamu tunayoisema inahitaji maelezo ya aliyesimama kwenye ngazi.

Kazi hiyo haisubiri. Mtu aliyeingia Makerere mwaka 1960 akiwa na umri wa miaka 20 alizaliwa mwaka 1940. Maana yake ni kwamba wale wanaoweza kusema huyu ni mimi, hapa, mbele ya picha za wakati wa Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, wamebaki wachache, na kila mwaka wanapungua. Majengo yakiungua yanaweza kujengwa tena, kama tulivyoona Kampala. Neno mle, likikosa msemaji, halina mjenzi. Mwanafunzi wa lugha anayetafuta mada ya utafiti, naye anatoka nyumba yenye albamu, na aanzie kwao: aulize ni nani, ni wapi, na ndani palikuwaje, na ayaandike majibu kabla hajarudi chuoni.